Kipima Kina cha Boti: Kinapodanganya, na Mahali pa Kukifunga

Kuresoi hatuna ziwa. Tuna chai, viazi, ng'ombe wa maziwa na baridi ya asubuhi, na mito inayotoka Msitu wa Mau: Amala unaoelekea Mara, Itare unaoishia Ziwa Victoria kupitia Sondu, na Molo unaoshuka hadi Baringo. Kwa hivyo mkazi wa Keringet, Olenguruone au Kamara ana haki ya kuuliza ni kwa nini jarida la kaunti linampa makala kuhusu kifaa cha boti.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kaunti hii ina Ziwa Naivasha, na vijana wetu wengi wako huko. Wengine wanavua, wengine wanaendesha boti za watalii, na wengine wanavushwa tu kwenda kazini. Sababu ya pili iko nyumbani kabisa, kwenye mabwawa yetu ya kunyweshea mifugo, nami nitaifikia baadaye.

Nianze na kisa changu. Wakati fulani nilipanda boti Naivasha nikiwa na kamera ya afisi shingoni. Boti ilikuwa na kipima kina kipya, kile ambacho wavuvi wengi hukiita mashine ya kutafuta samaki. Kiooni palikuwa na namba 9, na nahodha alifurahi kwa sababu mita tisa ni maji mengi. Akaongeza mwendo. Baada ya muda mfupi tulisikia kishindo, injini ikapiga kelele na boti ikasimama. Pini ya propela ilikuwa imekatika baada ya kugonga kisiki. Tulipotumbukiza kasia, lilikaribia kugusa matope. Ndipo mmoja wetu alipoinama akaziona herufi mbili ndogo kando ya ile namba. Kifaa kilikuwa kinasoma futi. Futi 9 ni mita 2.7 tu, na kisiki kilikuwa kimesimama ndani ya maji hayo kama mlingoti. Tulipiga kasia hadi ufuoni jua likizama, saa ambayo viboko nao huanza kutoka kwenda kula majani. Sitaki kuirudia safari hiyo.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kilisema ukweli kwa lugha ambayo hatukuisoma. Baadaye, katika kuuliza mafundi na kusoma vijitabu vinavyokuja na vifaa hivi, nimeona kwamba malalamiko mengi ya "mashine imekufa" ni ya namna hiyo: mpangilio usiofaa, waya wenye kutu, au kile kipande cha chini kimefungwa mahali pasipofaa.

Ziwa limebadilika, ramani ya kichwani haijabadilika

Zamani nahodha wa Naivasha hakuhitaji mashine. Alilijua ziwa kwa macho. Kwa sehemu kubwa Naivasha ni ziwa la maji mafupi, na sehemu ya kina kirefu ni ile kreta iliyozama upande wa Crescent Island. Lilikuwa tulivu kiasi kwamba kati ya 1937 na 1950 ndege za majini zilizosafiri kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika zilitua hapo, kisha abiria wakapelekwa Nairobi kwa barabara.

Kuanzia miaka ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, na kufikia 2020 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ya kitaifa na UNDP ziliandaa ripoti, iliyotolewa 2021, kuhusu Naivasha, Nakuru, Baringo na maziwa mengine. Wakazi wa mtaa wa Kihoto hawahitaji ripoti. Wameona maji yakiingia jikoni. Kwa mtu wa boti, maana yake ni kwamba palipokuwa malisho, ua wa seng'enge, choo au migunga sasa ni chini ya ziwa. Migunga hiyo imekauka ikiwa imesimama. Mingine imekatika usawa wa maji, na hiyo ndiyo mibaya zaidi kwa sababu haionekani. Nahodha mwenye uzoefu wa miaka 20 anaweza kuwa anapita leo juu ya shamba alilokuwa akilipita kwa miguu.

Ndiyo maana kipima kina kimeanza kununuliwa hata na vikundi vya wavuvi, na ndiyo maana inafaa kukielewa.

Kinavyofanya kazi

Kifaa kina sehemu mbili. Moja ni kioo kilicho mbele ya nahodha. Nyingine ni transdusa, kipande kidogo cha plastiki au shaba kinachokaa majini, kikiunganishwa na kioo kwa waya. Transdusa hupiga mlio ambao sikio la binadamu haliwezi kuusikia. Mlio huo unashuka, unagonga chini, kisha unarudi kama mwangwi. Kifaa hupima muda uliopita, na kwa kuwa sauti husafiri kama mita 1,480 kwa sekunde katika maji baridi yasiyo na chumvi, hesabu ni rahisi: muda mara mwendo, gawa kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Kwenye kina cha mita 6, kazi yote huchukua kama sehemu 8 kati ya 1,000 za sekunde.

Yafuatayo yote yanatokana na hapo. Sauti hupita vizuri majini lakini hewa huizuia. Pakiwa na mapovu kati ya transdusa na maji, kifaa ni kiziwi. Pakiwa na gugu maji limejikunja juu yake, au utando wa kijani uliojiotea, kifaa kinasikia vibaya. Na kwa kuwa kinapima kuanzia uso wa transdusa, namba unayoiona si kina cha maji kutoka juu, wala si nafasi iliyobaki chini ya propela. Transdusa ikiwa sentimita 30 chini ya maji, na ncha ya propela sentimita 60, basi kioo kikionyesha mita 1 maana yake maji ni mita 1.3, lakini propela yako imebakiwa na sentimita 70 tu. Vifaa vingi vina mahali pa kuingiza tofauti hiyo ili kihesabu chenyewe. Ingiza mara moja, na uwaambie wote wanaoiendesha boti hiyo umeweka nini, la sivyo mwenzako atatoa zile sentimita kichwani mara ya pili.

Mahali pa kuifunga transdusa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hapa ndipo fundi wa haraka hukugharimu. Boti nyingi zetu zina injini ya kuning'inia nyuma, kwa hivyo transdusa hufungwa kwenye ubao wa nyuma, ile sehemu ambayo watu wa Pwani huiita tezi. Lazima ikae ndani ya maji hata boti inapokimbia na kuinua pua, na lazima ipate maji laini yasiyochafuliwa na kitu chochote kilicho mbele yake.

Kabla ya kutoboa, fanya jambo moja ambalo halina gharama. Mwombe mwenzako aendeshe boti kwa mwendo wa kawaida nawe uinamie nyuma, ukiwa umevaa jaketi la kuokoa maisha, uangalie maji yanavyotoka chini ya boti. Utaona michirizi myeupe ya mapovu na, kati yake, sehemu ambapo maji yanatoka safi kama kioo. Hapo safi ndipo pako. Michirizi huanzia kwenye mbavu za boti, misumari, ribiti, viraka na mistari iliyoinuka tumboni mwa boti; usifunge transdusa nyuma ya kitu chochote cha namna hiyo. Boti za mbao zilizozibwa na kupakwa lami mara nyingi zina tumbo lenye mabonde, kwa hivyo ukaguzi huu ni muhimu zaidi kwao kuliko kwa boti ya faibaglasi iliyotoka dukani.

Iwe mbali na propela, angalau sentimita 38. Propela nyingi huzunguka kwa mzunguko wa saa ukiitazama kutoka nyuma, hivyo upande wa kulia mabapa yake yanashuka na upande wa kushoto yanapanda yakivuta mapovu. Kwa propela ya namna hiyo, funga upande wa kulia. Kama injini yako inazunguka kinyume, geuza. Usiifunge karibu sana na ukingo wa nje pia, kwa sababu boti ikikata kona upande huo huinuka na transdusa hubaki hewani.

Uso wa chini wa transdusa ushuke kidogo tu kupita tumbo la boti: kama milimita 3 kwenye faibaglasi, na kama milimita 10 kwenye boti ya alumini. Ukiishusha zaidi itarusha maji na kugongwa na kila kitu. Ukiipandisha itaishi ndani ya mapovu. Ikae sambamba na uso wa maji boti inapokuwa imebeba mzigo wake wa kawaida. Nasisitiza mzigo wa kawaida, kwa sababu nimeona watu wakiipima boti ikiwa tupu ufuoni, kisha wanapakia watu na nyavu, nyuma inazama, na transdusa inatazama kwa mshazari. Ikiwa itapoteza kina ukikimbia, inamisha kisigino chake cha nyuma kidogo sana, jaribu tena, kisha ushushe milimita chache. Badilisha jambo moja kwa wakati.

Wapo wanaobandika transdusa ndani ya boti ili isigongwe na visiki. Inawezekana, lakini kwa faibaglasi iliyo imara tu, na gundi ya epoksi iwe haina povu hata moja. Haifanyi kazi kupitia mbao wala alumini. Mwenye boti ya mbao asipoteze pesa zake huko. Njia nzuri kwake ni kuifunga kwenye ubao mdogo unaoshikiliwa kwa vibano nyuma ya boti. Ubao huo unaweza kuusogeza hadi upate mahali pazuri bila kutoboa boti, na ukifika ufuoni unaung'oa na kuupeleka nyumbani.

Tundu lolote utakalotoboa lizibwe kwa silikoni ya majini kabla ya skrubu kuingia. Waya wa transdusa upite upande tofauti na waya za injini, maana cheche za injini huingia kwenye waya na kuchora michoro kiooni. Usiukate ili kuufupisha. Uliozidi ukunje na kuufunga.

Kikikataa kazi

Kama kioo hakiwaki kabisa, acha transdusa kwanza. Angalia betri, vichwa vya betri, na fyuzi iliyo kwenye waya wa umeme. Kutu ya kijani kwenye shaba ni adui mkubwa kuliko samaki yeyote. Ikiwa kioo huwaka halafu hujizima unapopiga stata, betri ni dhaifu au waya ni mwembamba mno: injini inavuta umeme wote kwa sekunde moja na kifaa kinalala.

Kama kioo kinawaka lakini kinaonyesha mistari na samaki hata boti ikiwa juu ya mchanga, kifaa kiko kwenye hali ya maonyesho ya dukani. Usicheke, si boti moja wala mbili zimeingia ziwani zikivua samaki wa dukani. Nenda kwenye mipangilio ukizime.

Kama namba ya kina inamweka-mweka, au imeganda kwenye namba moja huku boti ikitembea, basi kifaa kimepoteza chini na kinakuonyesha namba ya mwisho iliyopatikana. Hii ni hatari kuliko kioo cheusi kwa sababu inaonekana kama habari. Simama. Inua transdusa uitazame: gugu maji, uzi wa nyavu, matope, utando. Isafishe kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, si kwa kisu. Kagua kama imepinda baada ya kugonga kitu. Fuata waya kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho ukitafuta mahali palipobanwa au kuumwa na panya. Chomoa plagi, angalia kama pini zake zimepinda, irudishe. Boti ikiwa imesimama na kina kinasomeka, lakini kinapotea ukikimbia, tatizo si kifaa. Ni mapovu, yaani mahali ulipoifunga.

Kuna hitilafu moja inayowachanganya wengi kwenye maji mafupi yenye chini ngumu. Kioo kinaonyesha mita 3 ilhali maji ni mita moja na nusu. Sauti imegonga chini, ikarudi juu, ikagonga uso wa maji, ikashuka tena, na kifaa kimeshika mwangwi wa pili. Punguza usikivu wa kifaa na namba itarudi. Kwenye maji ya chini ya nusu mita hivi, usikiamini kabisa. Mwangwi unarudi upesi kuliko kinavyoweza kusikiliza. Na ikiwa boti nyingine yenye kifaa cha masafa yaleyale iko karibu, mtaona michirizi kwenye vioo vyenu wote wawili. Mmoja azime chake aone.

Angalia pia kama kifaa kimewekwa kwa maji ya bahari. Katika maji ya chumvi sauti hukimbia zaidi, hivyo kifaa kilichowekwa kwa bahari kitakuambia Naivasha ni kirefu kuliko kilivyo. Tofauti ni ndogo, kama sentimita 15 kwenye mita 6, lakini inaelekea upande mbaya.

Jaribio la mwisho ni la babu zetu wa Pwani. Mabaharia wana kifaa kiitwacho bildi: kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Funga jiwe au chuma kizito kwenye kamba, tia mafundo kila nusu mita, simamisha boti, dondosha, na ulinganishe na kioo. Fanya hivyo mahali patatu tofauti. Kamba haina betri wala mipangilio, na kila boti ingefaa kuwa nayo hata kama ina mashine ya maelfu ya shilingi.

Kisichoweza kuona

Kipima kina hutazama chini, hakitazami mbele. Boti inayokwenda kilomita 20 kwa saa husonga zaidi ya mita 5 kila sekunde, hivyo kisiki kinachoonekana kiooni tayari umekipita, au umekigonga. Tena sauti hushuka kwa umbo la koni. Transdusa ya kawaida ya kilohezi 200 ina koni ya kama digrii 20, na upana inaouona chini ni kama theluthi moja ya kina. Kwenye mita 6 inaona duara la mita 2. Kwenye mita 1.5, ambako ndiko visiki viliko, inaona nusu mita tu. Mgunga ulio mita moja kando yako haupo kwa mashine. Karibu na ukingo mpya wa ziwa, kinga ni mwendo wa polepole na mtu mmoja kukaa mbele akitazama maji.

Wala kifaa hakibadilishi wajibu wa kisheria. Boti inayobeba abiria inahitaji ukaguzi na leseni kutoka kwa Mamlaka ya Masuala ya Baharini nchini (KMA), na kila aliyemo avae jaketi, si kulikalia.

Sasa turudi Kuresoi

Mabwawa yetu madogo yanajaa udongo. Mvua ikinyesha juu ya shamba la viazi lililolimwa kuelekea mteremko, maji ya kahawia hushuka na kuuacha udongo bwawani. Kwa macho bwawa limejaa. Kiangazi kinapofika ng'ombe wanazama magotini kwenye tope, na kijiji kinashangaa maji yamekwenda wapi.

Kipima kina kidogo cha kubebeka, kilichofungwa kwenye ubao au mtumbwi, kinaweza kujibu swali hilo kwa asubuhi moja. Jambo la kujua ni kwamba masafa ya juu kama kilohezi 200 hugonga uso wa tope laini na kurudi, huku masafa ya chini kama kilohezi 50 yakipenya ndani kidogo. Hivyo kioo kitakupa kina cha maji hadi kwenye tope. Chukua mti mrefu wenye alama, usukume hadi ukutane na udongo mgumu, kisha utoe. Tofauti ndiyo unene wa tope. Tandaza kamba kutoka ukingo hadi ukingo, pima kila mita 5, sogeza kamba, pima tena. Tahadhari na majani ya majini, kwa sababu kichaka kizito huonekana kiooni kama chini ya bwawa.

Tuseme bwawa lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 30, na tope ni mita moja kwa wastani. Hizo ni mita za ujazo 1,200, yaani nafasi ya lita milioni 1.2 za maji, au lori 120 zinazobeba mita za ujazo 10 kila moja. Kikundi kikija kwenye kikao cha bajeti cha wadi kikiwa na namba hizo na mchoro wa mkono, mazungumzo huwa tofauti na kusema tu kwamba dam imejaa.

Upimaji huo usifanywe na mtu mmoja peke yake, wala na watoto. Tope laini chini ya mita mbili za maji humshika mtu mzima miguu asiweze kuichomoa. Mpimaji avae jaketi na afungwe kamba kiunoni, na mwenzake ashike mwisho wake akiwa amesimama nchi kavu.